Samaki wapo tele, lakini ni wa aina gani? Dhana potofu kuhusu bioanuwai

Bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, ikitajwa, wengi hufikiria tembo na simba wa Serengeti. Hao wamo, ila ni sehemu ndogo mno. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unatazama ngazi tatu: tofauti baina ya spishi, tofauti ndani ya spishi moja, na tofauti baina ya mifumo ya ikolojia. Minyoo ya udongoni, kuvu na bakteria wamo pia, japo hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kuwapiga picha.

Dhana: palipo na samaki wengi, bioanuwai iko salama

Ukweli uko Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikuwa na furu, samaki wadogo wanaokadiriwa kufikia spishi 500, na kila kundi lilikuwa na riziki yake: wapo waliokula mwani, waliochokoa tope la chini, waliovunja konokono, na waliowinda furu wenzao. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, akapandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu zimetoweka.

Sangara hakufanya hayo peke yake. Udongo, mbolea na maji taka kutoka nchi kavu vilitia ziwa ukungu. Furu jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa machafu hamtambui wa spishi yake. Wakazaana ovyo, spishi zikachanganyika mpaka tofauti zao zikafutika. Tofauti hizo hazikumezwa na sangara wala kunaswa na wavu.

Kusema sangara alileta hasara tupu si haki. Viwanda vya minofu vya Mwanza na Kisumu vilijengwa kwa ajili yake. Lakini furu alianikwa juani akakauka, ilhali sangara ana mafuta mengi, huwezi kumhifadhi bila kumbanika au kumkaanga, na hapo kuni zinahitajika. Tani za samaki ziliongezeka huku aina zikipungua, na mizani ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hupima tani tu.

Dhana: ukipanda miti umerudisha msitu

Shamba la misindano au mikaratusi ni zao, kama lilivyo shamba la mahindi. Lina faida ya mbao na nguzo, sikatai. Ila misitu ya asili ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya Kenya na Tanzania kutoka Taita hadi Udzungwa, ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine popote duniani, na hakuna kitalu kinachootesha hao.

Dhana: spishi ikiokolewa, kazi imekwisha

Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu la mto Kihansi, Tanzania, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Ni chura mdogo anayezaa watoto kamili, bila hatua ya viluwiluwi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Baadaye ugonjwa wa kuvu ukaripotiwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliponea katika bustani za wanyama za Marekani, akaanza kurudishwa mwaka 2012. Lakini makao yake sasa hutegemea mabomba ya kunyunyizia maji, kazi ambayo zamani mto uliifanya bure.

Dhana: mradi spishi ipo, aina zake si kitu

Waulize wafanyabiashara wa ndizi. Hadi miaka ya 1950 ndizi iliyosafirishwa zaidi duniani ilikuwa aina moja, Gros Michel. Migomba yake ilioteshwa kwa machipukizi, hivyo yote ilikuwa nakala za mmoja. Kuvu ya mnyauko wa Panama ilipoingia mashambani, haikukuta mgomba wa kuizuia. Wakahamia Cavendish, nayo ni aina moja tena. Mwaka 2013 aina nyingine ya kuvu hiyo, inayoua Cavendish, ilithibitishwa kuwapo Msumbiji.