Nyoka mchanga akigoma kula: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayefuga nyoka kwa mara ya kwanza huwa na swali moja tu: mbona hali? Na ushauri anaopewa, mwingi wake humzidishia nyoka woga. Mara nyingi mnyama hana tatizo lolote. Mwenye haraka ni mfugaji.

Dhana: akitoka kwenye yai lazima ale siku hiyo hiyo

Hapana. Nyoka hupasua ganda kwa jino dogo lililo mbele ya taya la juu, akatoa pua, kisha akatulia humo ndani siku moja au mbili. Ukimwona hivyo utadhani amechoka au amekwama, kumbe anamalizia kuingiza kiini cha yai tumboni. Hiyo ndiyo akiba yake ya siku za mwanzo. Anayemvuta ili "amsaidie" anaweza kuchana mishipa ya damu iliyomuunganisha na kiini, na hapo akamuua.

Akishatoka, mwache. Baada ya siku kadhaa rangi yake hufifia na macho huingia ukungu wa buluu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha macho hung'aa tena, na muda si mrefu anajivua gamba kwa mara ya kwanza. Kwa nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus) na chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), hilo huwa ndani ya wiki mbili hivi za kwanza. Wengi hawataki chakula kabla ya hapo. Maji safi yawepo muda wote, kwenye bakuli lisilopinduka.

Dhana: mpe nafasi kubwa ajinyooshe

Nyoka mchanga ni windo la kila mwenye mdomo: ndege, mamalia, hata nyoka wenzake. Uwanja mtupu kwake ni hatari, na anayejiona hatarini hali. Sanduku dogo la plastiki lenye matundu ya hewa na kifuniko kinachobana humfaa kuliko kasha la kioo la maonyesho. Halipendezi machoni, lakini halikununuliwa kwa ajili ya wageni. Weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yawe finyu kiasi cha kumgusa mgongo na ubavu.

Joto ndilo linaloendesha tumbo lake. Nyoka wa mahindi anataka nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi upande wa joto; chatu huyu anataka 31 au 32. Upande wa pili uwe na ubaridi ili achague mwenyewe. Chombo cha kupasha joto kiwe na kidhibiti, na kipimajoto kikae pale nyoka anapolala, kwa sababu anaweza kung'ang'ania mahali panapomuunguza.

Dhana: mshike mkononi kila siku ili akuzoee

Subiri kwanza ale mara tatu au nne mfululizo. Na kila anapokula, usimguse kwa saa 48, la sivyo anaweza kutapika. Akitapika, mpumzishe siku 10 hadi 14, kisha mpe windo dogo zaidi.

Dhana: nyoka hali kisichotembea

Wengi hula panya aliyegandishwa akayeyushwa, tena ndiyo njia salama, maana panya hai mkubwa huuma. Kwa nyoka wa mahindi anza na kitoto cha panya ambacho hakijaota manyoya, kisichozidi sana unene wa nyoka mwenyewe. Kiyeyushe, kisha kitie kwenye mfuko na uuzamishe katika maji ya moto kidogo. Usitumie maikrowevu: hupika sehemu moja na kuacha nyingine baridi, na windo hupasuka.

Chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto, kwa hiyo kichwa cha windo kikipoa, nyoka halitambui windo hilo kama chakula. Shika windo kwa koleo ndefu jioni, taa zikiwa hafifu. Ulimi ukianza kutoka na kurudi taratibu na shingo ikijikunja, tulia. Usimgonge nalo puani.

Dhana: akikataa mara mbili, mshindilie

Hili ndilo linalowaponza wengi. Ondoa windo, subiri siku tano au saba, ujaribu tena. Akikataa, mwache usiku kucha ndani ya chombo kidogo chenye giza na matundu ya hewa, yeye na windo lililoyeyushwa tu. Wengine hukubali likipakwa harufu ya mjusi, chakula cha asili cha spishi kadhaa wakiwa wadogo. Kulisha kwa nguvu ni kazi ya daktari wa wanyama au mfugaji mzoefu. Taya na koo lake ni laini mno.

Dhana: maziwa humtuliza, na wawili pamoja hufarijiana

Maziwa si chakula cha nyoka. Na wawili wakiuma windo moja, mmoja anaweza kummeza mwenzake. Kila mmoja awe na sanduku lake.

Mpime kila wiki kwa mizani ya gramu. Uzito ukisimama palepale, bado una muda wa kusubiri. Ukishuka mfululizo, uti wa mgongo ukichomoza, au akihema mdomo wazi huku akitoa mapovu, mpeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao.