Kabla hujamkabidhi mtaalamu maamuzi yako

Watu wengi huandika wosia wakadhani wamemaliza. Wosia hauanzi kazi mpaka mwenyewe afariki. Akipata kiharusi akalala miezi kadhaa bila kujitambua, wosia haulipi kodi yake ya nyumba wala haumruhusu mtu kugusa akaunti yake. Hapo inahitajika hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa mtu mwingine mamlaka ya kuamua na kusaini kwa niaba yake, tena ya aina maalumu. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, hati ya kawaida hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani pale pale anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo yako itamke wazi, kwa utaratibu wa sheria ya nchi yako, kwamba itaendelea kuwa na nguvu hata hapo.

Kwa kawaida anayeteuliwa ni mwenzi au mtoto, na ni sawa. Lakini wapo wasio na ndugu wa karibu, wapo ambao watoto wao hawasemezani, na wapo wenye biashara ambayo hakuna nyumbani anayeiweza. Hao tunawashauri wafikirie wakili, mhasibu au kampuni ya udhamini, yaani kampuni inayosimamia mali za watu kwa niaba yao. Mtu wa namna hiyo hana urithi anaousubiri, amezoea kutunza hesabu, na mara nyingi kuna chombo cha taaluma kinachoweza kumwajibisha.

Ila analipwa, na malalamiko mengi huzaliwa hapo. Muulize: anatoza kwa saa au kwa asilimia ya mali? Akiipigia benki simu ya dakika tano, anaandika kiasi gani? Karani wake akienda kulipa bili ya umeme, unalipa kiwango cha karani au cha wakili mwenyewe? Majibu yaingie kwenye maandishi kabla ya saini. Taja pia mbadala wake, maana naye huzeeka na kustaafu.

Matibabu ni jambo jingine. Sheria ya mwaka 2005 ya England na Wales inaruhusu kampuni ya udhamini kusimamia fedha zako, lakini si kuamua kuhusu afya yako, na naona ni busara. Anayekuona mara moja kwa mwaka atajuaje kama ungependa kuuguzwa nyumbani au hospitalini? Fedha mpe mtaalamu. Matibabu mpe rafiki anayekufahamu vizuri, naye umweleze unachotaka.

Japani, mkataba wa namna hii hauanzi kutumika mpaka mahakama ya familia iteue msimamizi wa kumkagua mwakilishi. Kama kwenu hakuna sharti hilo, liweke mwenyewe: kila mwaka hesabu zake, pamoja na taarifa za benki, zipelekwe kwa mtu wa tatu uliyemtaja kwenye hati.

Aliyegundulika na ugonjwa wa kusahau ukiwa bado mchanga anaweza kusaini, mradi anaelewa anachosaini. Daktari amwone wiki hiyo hiyo na aandike alichokikuta, kwani hati hizi hupingwa mahakamani kwa hoja hiyo hiyo, kwamba aliyesaini hakuelewa.