Gari la mzee linauawa na turubai

Riziki yangu ya ufundi hapa Mwanza inatokana na magari ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu huyapigia hesabu ya kilo: Peugeot 504, Land Rover Series III, Corolla DX. Wenyewe hawauzi. Mtajie mmoja bei, atakutazama kama umeulizia mahari ya mama yake.

Nami simlaumu. Pikapu iliyokuwa ikibeba dagaa na kayabo kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ndiyo iliyosomesha watoto. Mzee keshatangulia, watoto wako Dar, mama kabaki na pikapu uani. Nimwambie auze ili iweje?

Ninachogombana nao ni hilo turubai. Gari linasukumwa chini ya mwembe, linafunikwa gubigubi, wanasema wanalitunza. Turubai la plastiki linafungia mvuke ndani, na hapa ziwani unyevu hauna likizo. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, kutu inaota kwenye silinda za breki na pistoni zinaganda. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inakauka na kuacha utando kama gundi unaoziba vitundu vyake. Nyaya ni halali ya panya. Yaani 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, linamalizwa na kivuli cha mwembe!

Wenye Land Rover ndio wabishi zaidi. "Fundi, hii haioti kutu, bodi ni aluminiamu." Bodi, sawa. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana wakatumia aluminiamu. Ila chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, tena ina uwazi ndani kama boksi. Tope likishaingia humo halitoki, linaila toka ndani huku nje rangi inang'aa. Mimi huingia chini na nyundo ndogo, nikaanzia nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Halafu kagua milango, pale aluminiamu inapokutana na fremu ya chuma: ukiona rangi imevimba, ikwangue kwa ukucha. Unga mweupe ukidondoka, ujue aluminiamu inaliwa.

Kuliwasha dakika tano kila Jumapili ni kujifurahisha tu. Injini haipati moto wa kutosha kukausha maji yaliyomo kwenye oili na bomba la moshi. Litoe kila wiki mbili, lifike Usagara, nje ya mji, lirudi, breki zifanye kazi. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili. Basi.

Sasa kuna lile ambalo familia hazilisemi mbele ya fundi. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, na bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, TRA hawabadilishi umiliki. Kwa hiyo si kila gari linalooza uani linazuiwa na mapenzi. Anayesema "gari la baba haliuzwi" mara nyingine anamaanisha halitauzwa na wewe. Wakija ndugu watatu na gari moja, sifungui boneti mpaka niambiwe nani analipia spea. Wengine huondoka nalo vilevile, likivutwa kwa kamba.