Wanawake na biashara ndogo Unguja na Pemba: yasemwayo na yalivyo

"Wakulima wa mwani hawainuki kwa kuwa hawajitumi."
Si kweli. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989. Kina mama waliuchukua kwa sababu shamba lilifikika kwa miguu, maji ya bamvua yakitoka. Zipo aina mbili: kotoni, yenye bei nzuri, na spinosamu, yenye bei ndogo. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, kotoni ikaanza kuugua: matawi hugeuka meupe, yanalainika, yanakatika, na kamba inabaki tupu. Njia mojawapo inajulikana, nayo ni kuipeleka kwenye kina, ikae kwenye kamba zinazoelea. Lakini huko kunataka chombo na kuogelea. Ngalawa ni za wanaume, wasichana wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea, na baibui likilowa ni mzigo. Basi wengi wamebaki na spinosamu. Mtu akiuliza mila inaingiaje kwenye bei ya kilo, ndivyo inavyoingia.

"Dini haitaki mke awe na mali yake."
Kinyume chake. Katika sheria ya Kiislamu alichochuma mke ni chake, na matumizi ya nyumbani ni juu ya mume hata kama mke ana uwezo. Mazoea ndiyo yanayokula mtaji: pesa ya vitumbua inanunua unga wa usiku, hakuna aliyeiandika, asubuhi mchele wa kuloweka hautoshi. Pesa ya mtaji na ya jikoni zisikae mkoba mmoja.

"Asiyekopesha jirani ana roho mbaya."
Tupige hesabu. Vitumbua 60 kwa shilingi 200 ni 12,000. Mchele, sukari, mafuta na mkaa vikila 9,000, faida ni 3,000. Vitumbua 10 vya deni ni 2,000, yaani theluthi mbili ya faida imeondoka na sahani za watu. Kukataa kabisa mtaani hakuwezekani, tusidanganyane. Weka kima: mtu asipewe cha pili kabla ya kulipa cha kwanza, na jina liandikwe mbele yake.

"Akifiwa na mume, biashara ndiyo imekwisha."
Eda ni miezi minne na siku kumi, na genge linafungwa pale tu ambapo mjane peke yake ndiye anayejua bei, wadaiwa na muuza mchele. Binti au wifi aonyeshwe daftari mapema, aende sokoni Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, mara mbili tatu, wauzaji wamzoee.