Je, wajua kwa nini unene huongeza hatari ya saratani ya kongosho?

Wengi hudhani mafuta ya mwilini ni akiba tu, imekaa kiunoni ikingoja siku ya njaa, na kwamba kama yana madhara basi ni ya uzito. Kumbe mafuta hayatulii. Mwaka 1993 watafiti wa Boston walionyesha kuwa tishu ya mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali ileile ambayo seli za kinga hutumia kuitana zinapopambana na vijidudu. Seli ya mafuta ikijaa kupita kiasi hukosa oksijeni ya kutosha. Baadhi hufa, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kuzoa mabaki. Ukitazama kwa hadubini unaziona zimeizunguka seli iliyokufa pande zote. Mtu hana jeraha wala homa, lakini mwili wake uko kwenye inflamesheni, yaani kinga iliyowaka kana kwamba kuna jeraha, ya chini chini, isiyouma, miaka nenda miaka rudi.

Kongosho liko nyuma ya tumbo, na kazi yake ni kutoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani zake za aina iliyo ya kawaida zina hitilafu kwenye KRAS, jeni inayoiamuru seli igawanyike. Hitilafu hiyo ikiwa peke yake ni kaa la moto chini ya majivu: linaweza kukaa humo muda mrefu bila kuwaka. Anayelipepea ni inflamesheni. Seli zikiumizwa, nyingine hugawanyika kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa jipya kwenye DNA. Wakati huohuo kemikali za inflamesheni kama IL-6 huzisaidia seli zenye hitilafu kuishi badala ya kufa. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Mariano Barbacid mjini Madrid lilionyesha hili waziwazi: panya wazima waliowashiwa KRAS mbovu kongoshoni hawakupata saratani, mpaka walipotiwa pia inflamesheni ya kongosho.

Ila inflamesheni ile ilitokana na kemikali, si unene. Na mwaka 2020 watafiti wa Yale walikuta jambo la kushangaza kwa panya wanene: seli za kongosho zinazotoa insulini zilianza kutoa kolesistokinini, homoni ambayo kwa kawaida hutoka utumbo mdogo, na homoni hiyo ikachochea saratani jirani. Kwa hiyo inflamesheni ni njia mojawapo, haiko peke yake.

Kwa binadamu, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilihitimisha mwaka 2016 kuwa ushahidi wa unene kuongeza hatari hii unatosha. Hatari kwa walio wanene zaidi ni kama mara moja na nusu ya wenye uzito wa kawaida. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, hivyo wanene wengi hawataupata kamwe.

Wapo wanaopinga kwa kuwa kila mgonjwa waliyemwona alikuwa amekonda. Saratani hii hukondesha, mara nyingi kabla haijagunduliwa, ndiyo maana utafiti makini hutumia uzito wa mtu wa miaka mingi kabla ya kuugua. Mtu wa makamo anayepata kisukari ghafla huku akipungua bila kujinyima chakula amwone daktari mapema, kwani huenda ikawa dalili yake.