Nguvu laini na uenyeji wa mashindano: mfano wa Kigali

Serikali ikitaka nchi nyingine zifuate matakwa yake, inaweza kuzilazimisha, kuzilipa, au kuzivutia hadi zikubali zenyewe. Huko kuvutia ndiko Joseph Nye, msomi wa Marekani, alikokuita nguvu laini mwaka 1990. Kuandaa mashindano ya kimataifa ni chombo chake kimojawapo, tena cha ghali.

Rwanda imekitumia kwa mpango. Mwaka 2018 ilianza kulipia maneno Visit Rwanda yakae kwenye mkono wa jezi za Arsenal; PSG na Bayern Munich zikafuata. Hilo bado ni tangazo tu. Uenyeji una uzito zaidi, kwa sababu shirikisho la kimataifa linaweka jina lake pembeni ya jina la nchi. Ukumbi wa kikapu wenye viti 10,000 ulifunguliwa Kigali mwaka 2019, na BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, ikaanzia humo 2021. Mwaka huohuo UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, iliipa Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya 2025, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kwa nchi ndogo, baiskeli ni chaguo la akili. Hakuna uwanja wa kujenga: barabara ndiyo uwanja, na kamera huonyesha vilima na mitaa kwa saa nyingi mfululizo. Gharama huhamia kwa wakazi. Wiki ile ya Septemba barabara zilifungwa na shule za Kigali zikasimama.

Tatizo ni kwamba macho yakishaitwa, mwenyeji hachagui yatazame nini. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliziandikia klabu zile tatu akitaka mikataba ivunjwe, na Bunge la Ulaya likataka mashindano ya Kigali yafutwe endapo Rwanda haitabadili msimamo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inalisaidia kundi hilo, Kigali inakanusha.

UCI haikuyumba. Mbio zilifanyika, Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa wa wanaume. Lakini Februari Marekani ilikuwa imeshamwekea vikwazo waziri wa Rwanda James Kabarebe, na Machi Umoja wa Ulaya ukawawekea makamanda wa jeshi la Rwanda. Ushawishi wa michezo uliwabakisha waandaaji na wanariadha. Kwa wanaosaini vikwazo haukufua dafu.