Senti 41 za Kuvuka Mtandao na Shilingi 25 za Hazina

Kila Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, inapotangaza kwamba ada ya kuunganisha simu imeshuka, swali tunaloulizwa ni lile lile: mbona mimi bado nalipa vile vile?

Ada hiyo hailipwi na mpigaji. Ukimpigia shangazi yako aliye na laini ya kampuni nyingine, kampuni yako huilipa ya shangazi kwa kila dakika mnayozungumza, kwa kuwa mitambo yake ndiyo inayoifikisha simu. Mkiwa mtandao mmoja, hakuna anayemdai mwenzake. Mwaka 2010 ada ilikuwa shilingi 4.42. Agosti ikakatwa nusu, ikawa 2.21, na waliokuwa na simu wakati huo hawajasahau kilichofuata: Zain (sasa Airtel) iliteremsha bei hadi shilingi 3 kwa dakika, mtandao wowote, Safaricom nayo ikafuata. Ada ilizidi kushuka hadi senti 99, ikakwama hapo miaka mingi. Mwishoni mwa 2021 CA ilitaka iwe senti 12. Safaricom ikapinga mbele ya baraza la rufaa, na hatimaye wakakubaliana senti 58 kuanzia Agosti 2022. Machi 2024 ikashushwa hadi senti 41.

Kwa hiyo punguzo huingia kwanza kwenye hesabu za kampuni. Wewe litakufikia mshindani akiibana, na mwaka 2010 wa kubana alikuwepo. Senti 17 zilizopungua 2024, kwa maoni yangu, hazitoshi kuwasha vita vya bei.

Serikali hugusa bei ya simu mahali pengine pia, na hapo hugusa kwa uzito zaidi. Muda wa maongezi hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 inapigwa juu ya bei ambayo tayari imebeba ushuru huo. Ndiyo, kodi juu ya kodi. Ukikwangua kadi ya shilingi 100, huduma yenyewe ni kama 75. Zile 25 ni za Hazina. Ushuru ulipopandishwa hadi asilimia 20 Julai 2021, Hazina ilikuwa ikichukua kama 28. Ulirudishwa 15 mwaka 2023.

Sasa twende Kawangware, kwa mama mboga mwenye kabambe, simu ya vitufe, ya laini mbili: moja ya pesa, nyingine ya kupiga kwa bei nafuu. Laini mbili ni ujanja mzuri, zinamwepusha na gharama za kuvuka mtandao. Lakini jioni salio likiisha huomba Okoa Jahazi, mkopo wa salio wa Safaricom, ya 50. Hupewa 45, hulipa 50. Kodi ikishatolewa katika zile 45, huduma aliyopata haifiki shilingi 34.

Tuseme anaomba mara mbili kwa wiki. Shilingi 10 zimeondoka kabla hajasema hujambo. Ili zile senti 17 zimrudishie shilingi 10 hizo, ingembidi apige simu za kuvuka mtandao karibu saa nzima kila wiki, na kampuni impe punguzo lote bila kubakisha hata ndururu. Kadi ya 50 aliyoinunua asubuhi kwa pesa za mauzo humpa 50 kamili.